Ubavu wa Mwavuli wa Mzee Amri

Mwavuli uliopita mikononi mwa Mwanajuma binti Amri haukurudi kwake kwa ugonjwa uleule. Ungeweza kurudi kwa kuchanika kitambaa, au kwa sababu mbuzi ametafuna mpini, lakini ubavu alioufunga yeye ulibaki umefungwa mpaka mwenye mwavuli afe na wanawe waugombanie. Mtaa mzima wa Bulyaga ulijua hivyo, na yeye alijua kwamba unajua.

Tukuyu si mji wa kumdharau fundi miavuli. Mvua yetu hainyeshi ikapita, inahamia. Baba yake, Mzee Amri, alitoka Kilwa akiwa kijana, amekaa juu ya magunia ya chumvi kwenye lori, akashuka hapa akakuta watu wanatembea wamejifunika majani ya migomba. Akasimama palepale na maji yanamtiririka masikioni, akasema, "Hapa ndipo." Pwani hakurudi tena, hata kuzika hakwenda. Alikaa barazani na plaizi yake miaka arobaini na mbili, na alipokufa alimwachia binti yake plaizi hiyo, tupa mbili, na mwavuli wake mwenyewe, mweusi, mzito, wa chuma cha zamani, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuufungua.

Mwanajuma alianza kumshikia baba yake waya akiwa na miaka tisa. Alipomaliza darasa la saba macho ya mzee yalikuwa yameanza ukungu, basi binti akawa macho. Watu walisema mkono wa mwanamke ni wa kusonga ugali, hauwezi kukaza chuma. Aliwarudishia miavuli yao, wakaenda nayo kwenye mvua, wakanyamaza. Akaolewa. Mume alikwenda Chunya kuchimba dhahabu mtoto akiwa hajatambaa, na mpaka leo anachimba. Mtoto huyo ndiye Zubery.

Zubery alikuwa na mikono ya babu yake. Alifungua redio akiwa darasa la nne na akaifunga ikaimba. Alipokua akaweka meza ya kutengeneza simu kwenye baraza ileile, ubavuni mwa mama yake. Mvua ikinyesha wote wawili walipata: mama kwa miavuli iliyovunjika, mwana kwa simu zilizolowa. Watu wakapita wakiwatania, "Nyie wawili mnaiombea dua mvua!" Mwanajuma akajibu, "Tunaiomba iwapate nyinyi, sisi tuko ndani."

Kisha ikaja ndege, iliyoletwa na mzungu mmoja mtaalamu wa mashine za chai. Zubery alimtengenezea kompyuta yake iliyoingia maji, na mzungu alipokuwa anafungasha kurudi kwao akamwachia sanduku. Ndani yake mlikuwa na ndege ya kujifunzia urubani ukiwa chini, ile ya kuongozwa na rimoti, mabawa yake upana wa mtu mzima aliyenyoosha mikono. Ilikuwa ya mbao nyepesi kama gunzi kavu, imevikwa karatasi ya plastiki nyekundu. Mwanajuma alipoinyanyua mara ya kwanza mikono yake ilipanda juu peke yake, kwa sababu ilitegemea uzito na uzito haukuwepo.

Zubery alijifunza kuirusha Jumapili kwa Jumapili, katika uwanja wa nyasi ulio Lupepo, nyuma ya migomba ya kaka wa Sekela. Huyu Sekela ni jirani yao, muuza ndizi na maparachichi, Mnyakyusa wa kuzaliwa papa hapa. Ndege ilianguka mara nyingi na ikagundishwa mara nyingi. Kisha ikafika siku Zubery akaizungusha uwanja mzima, akaishusha, ikaja kusimama miguuni pake kama mbwa. Mwanajuma aliona ile mara moja tu. Aliporudi nyumbani alikuta amebana plaizi mkononi njia nzima, na alama za meno ya plaizi zimebaki kiganjani.

Halafu Zubery akaanza kujikwaa mahali pasipo na kisiki.

Nisiseme mengi juu ya mwaka ule. Ilianza miguu. Wakaenda hospitali hii, wakaenda ile, wakafika Mbeya mjini. Daktari alieleza kwa Kiswahili kizuri, bila haraka, na kule kutokuwa na haraka ndiko kulikomtisha Mwanajuma. Alisema ni ugonjwa wa mishipa na misuli, unapanda. Umechukua miguu, utakuja mikono, kisha koo. Dawa ya kuuzuia hakuna. Zubery alikuwa na miaka ishirini na sita. Alimshukuru daktari, na wakiwa kwenye gari la kurudi akasema, "Mama, miguu, ugonjwa uende nayo. Mkono ukibaki nina kazi."

Kwa mwaka mmoja mkono ulibaki. Alikaa kwenye kiti chake barazani, akafungua simu za watu, akanywa chai kwa kikombe chake mwenyewe, polepole, kwa mikono miwili. Kikombe kile cha bati ndicho Mwanajuma alichokuwa akikitazama kila asubuhi. Kikipanda hadi mdomoni, siku imeanza vizuri.

Mwezi wa sita, ukungu ulipoachia kidogo, Zubery akaomba kwenda Lupepo. Lusungu, dereva wa bodaboda, alimpakia nyuma akamfunga kiunoni mwake kwa kanga mbili kama mama aliyembeba mwana. Ndege ikapaa. Ikazunguka mara moja. Zubery akaiinamisha kichwa ili ishuke, kisha ilipofika wakati wa kuinyanyua, haikunyanyuka. Ilikwenda chini moja kwa moja ikachimba nyasi kwa pua.

"Nilivuta," Zubery alisema. "Mama, nilivuta ikakataa." Akakitazama kidole gumba chake cha kulia, kile kinachoshika kifimbo cha rimoti. Akakitazama muda mrefu. "Au sikuvuta?"

Kesho yake kikombe hakikupanda. Mwanajuma alimwekea chai mbele, Zubery akaiacha ikaingia utando. "Mikono imeondoka, Mama," alisema. "Ndege imeniambia." Vifaa vyake vya simu akampa fundi mwingine wa stendi, bisibisi zote, hata lenzi ya kuangalizia. Chai akanyweshwa. Ugali akalishwa. Na vidole bado vilikuwa vinacheza! Mwanajuma aliviona vikichezea pindo la shuka. Lakini mtu akishaamini mkono wake umekufa, mkono unamtii.

Wiki nzima ndege ilikaa juu ya kabati na pua yake iliyovunjika. Siku ya nane Mwanajuma akaishusha. Hakujua habari za ndege, lakini alijua habari ya kitu kinachofanya kazi mezani na kukataa penye upepo. Miavuli yote iko hivyo. Ukiufungua sebuleni ni mzima, ukitoka nao nje unageuka sufuria.

"Niwashie hii," alimwambia mwanawe, akamwekea rimoti mapajani.

"Ya nini, Mama?"

"Washa, nimesema."

Zubery akawasha. Ndani ya tumbo la ndege mna vimota vidogo, kila kimoja na kazi yake. Kimojawapo kinasukuma waya mrefu unaokwenda hadi mkiani, na pale mkiani waya unashika kijipembe cha plastiki kilichokaa chini ya kibawa kidogo. Kifimbo cha rimoti kikivutwa, kimota kinausukuma waya, kibawa kinainuka na ndege inapanda. Kifimbo kikisukumwa, waya unavutwa, kibawa kinainama na ndege inashuka. Zubery akagusa kifimbo, kibawa kikainuka vizuri kabisa.

"Ona," alisema. "Nzima."

"Subiri." Mwanajuma akakibana kibawa kwa kidole kimoja, kama upepo ungekibana. "Sasa pandisha."

Kimota kililia. Kibawa hakikwenda popote. Mwanajuma akachungulia tumboni, akaona ule waya mwembamba, usio na cha kuushika katikati, umejipinda kama mgongo wa paka. Nguvu yote ya kimota ilikuwa inaishia kwenye ule mpindo.

"Sasa shusha," akasema. Waya ukanyooka, kibawa kikainama hata kidole chake kikasukumwa.

Mwanajuma akakaa chini sakafuni. "Zubery," alisema, "waya ukivutwa unatii, ukisukumwa unapinda. Kushuka inashuka, kupanda inakataa. Si mkono, baba. Ni waya! Ni ubavu mbovu, basi. Nimefunga elfu mbili za hivi."

Zubery akaishika rimoti. Akasogeza kifimbo mwenyewe, mbele na nyuma, mbele na nyuma, akisikiliza kimota kikilia. Kisha akasema, "Nipe chai." Na kikombe kikapanda. Kilitetemeka, kikamwagika kidevuni, lakini kilipanda.

Ndipo Mwanajuma alipofanya kosa, ikiwa ni kosa. Aliapa. Alisema mbele ya mwanawe na mbele ya Sekela aliyekuwa mlangoni na sinia la ndizi, "Nitaikaza hii ndege mpaka isibaki na mahali pa kulegea. Ikikataa tena, mnitupie plaizi yangu chooni."

Kazi ilichukua wiki tano. Waya wa dukani ulikuwa laini, na mbavu za miavuli ya siku hizi ni sawa na chelewa za ufagio. Alichopekua chote hakikumridhisha. Jioni moja akaunyanyua mwavuli wa baba yake kutoka kwenye msumari wake, akaukunjua kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Vumbi likamwagika. Mbavu nane, kila moja imefanyiwa mfereji kati, chuma kinacholia ukikigonga. Ubavu wa mfereji haupindi kirahisi. Akakata mshono, akauchomoa mmoja. Mwavuli ukaangukia upande mmoja kama ng'ombe aliyevunjika mguu.

"Mama!" Zubery alishtuka. "Wa babu?"

"Babu yako hayuko mvuani sasa."

Ubavu ule akauweka badala ya waya. Miisho miwili akaifunga spoki ya baiskeli, akaizungushia uzi wa nailoni mara thelathini na kuulowesha gundi. Katikati ya tumbo la ndege akapachika bomba la kalamu, ubavu ukapita ndani yake, ukawa hauna nafasi ya kuyumba kulia wala kushoto. Walipojaribu, kijipembe cha mkiani kikapasuka, maana sasa nguvu ilikuwa inafika. Akakata kipande cha ndoo, akakikaza kwa nyuma na skrubu mbili. Wakajaribu tena, kimota chenyewe kikatikisika kwenye kiti chake. Akakiwekea kabari ya mbao. Ukikaza hapa, panalia pale. Mwisho kikabaki kibanio kinachoshika ubavu na kijipembe, ambacho kilikuwa kinapanuka mdomo kikisumbuliwa. Akakata kipete chembamba kwenye tyubu ya pikipiki, akakivisha kibanio kisiweze kufumbuka.

Zubery ndiye aliyekuwa akisema, na mama yake akitenda. Wakati mwingine alishika bisibisi mwenyewe. "Mkia umekuwa mzito, Mama," alionya, "itakaa kitako hewani." Basi wakasogeza betri mbele, wakatia nati mbili puani, mpaka ndege ikakaa sawa juu ya ncha za vidole viwili. Bawa lililochanika Mwanajuma alilishona kwa kitambaa cha mwavuli wa babu, kikawa kiraka cheusi kwenye mwekundu.

Sekela alikuja kila siku kutazama, akiamkia kwa Kinyakyusa. "Mugonile, Mama Zubery. Bado tu mnalea hiyo kuku?"

"Ndaga, Sekela. Kuku yetu itataga kesho."

Siku ya mwisho Sekela aliitikisa ndege huku na huku, akasikiliza, isilie popote. "Wazee wetu wakijenga nyumba ya mianzi," alisema, "hawakazi kila kamba. Moja wanaiacha ilegee. Upepo ukija upate pa kulaumiwa."

"Nyumba yenu hairuki, Sekela."

"Haya. Mimi nimesema tu."

Walikwenda Lupepo mwisho wa mwezi wa nane, asubuhi ya jua, mlima Rungwe uko wazi hadi kichwani. Lusungu alimfunga Zubery kwa zile kanga mbili. Mwanajuma alifuata kwa bodaboda nyingine, ndege ikiwa mapajani mwake ndani ya kreti ya maparachichi. Sekela alikuwa gulioni siku hiyo. Ile bodaboda nyingine iliporudi mjini, kule uwanjani hapakuwa na mtu ila wao watatu.

Wakamkalisha Zubery juu ya kreti, Lusungu akakaa nyuma yake kumwegemeza, kisha akaona haitawezekana kurusha akiwa amekaa. "Mama mkubwa, mshike wewe, mimi nairusha."

"Irushe ikiukabili upepo," Zubery alisema. "Usiitupe kama kandambili."

"Kaka, mimi nimerusha mawe kwenye maembe ya watu tangu chekechea. Amini mkono."

Akakimbia nayo hatua sita, akaiachia. Ndege ikazama kidogo, Mwanajuma akafunga macho. Alipoyafungua ilikuwa juu ya migomba, inapanda, kiraka chake cheusi kinang'aa. Ilipanda! Zubery alivuta kifimbo, na ikapanda. Akaizungusha kushoto, ikazunguka. Mwanajuma akasikia mgongo wa mwanawe ukitetemeka kifuani pake, akafikiri analia, kumbe anacheka.

"Inashika, Mama! Inashika kama inakwenda relini!"

"Kaka, umerudi!" Lusungu alipiga makofi. "Leo nakutangaza stendi nzima!"

Alirudi kumshika Zubery, na Mwanajuma akasogea mbele kidogo. Ikazunguka mara ya pili, ikazunguka ya tatu. Mwanajuma hakuitazama tena. Alikuwa anatazama kidole gumba. Kilikuwa juu ya kifimbo, na ncha yake ilikuwa inageuka nyeupe, kama mtu aliyening'inia dirishani.

"Ishushe sasa," alisema. "Imetosha, baba."

"Moja tena."

Katika mzunguko wa nne Zubery akaiinamisha. Ndege ikaelekeza pua kwenye migomba, ikaanza kuja. Ikafika pale pa kuinyanyua. Mwanajuma akaona kidole gumba kimelala juu ya kifimbo. Kimelala tu. Kifimbo kimesimama katikati, hakijagusika. Uso wa Zubery ulikuwa umekazana, meno yameumana, mshipa wa shingo umesimama. Alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, na nguvu hiyo haikufika kidoleni.

Kifimbo kile kilikuwa mbele yake Mwanajuma, karibu kama kijiko mezani. Akanyoosha mkono.

"Usishike!" Zubery alipiga kelele. "Navuta! Navuta mwenyewe!"

Mkono wa Mwanajuma ukasimama hewani. Ndege ikaingia migombani. Mlio wake haukuwa mkubwa, kama mtu aliyekanyaga kapu.

Kisha Zubery akasema, kwa sauti ndogo, "Nilivuta."

"Ulivuta, kaka," Lusungu alisema. "Nimeona ulivyojikaza."

"Basi imepinda tena. Mama, imepinda tena, si ndiyo?"

"Mtu asije," Mwanajuma alisema. "Naenda mwenyewe."

Aliikuta katikati ya migomba miwili. Pua imezama udongoni, bawa moja limetengana. Lakini kuanzia katikati hadi mkiani haikuwa na mkwaruzo. Akapiga magoti kwenye majani makavu. Ubavu wa baba yake umenyooka ndani ya bomba la kalamu. Kijipembe kizima. Kimota kizima kwenye kabari yake. Kipete cha mpira kimekaa pale alipokivisha.

Na wakati anatazama, kibawa cha mkia kikainuka.

Kiliinuka chenyewe, taratibu, sawasawa, bila kutetemeka, mpaka mwisho wake, kikakaa. Kule uwanjani Zubery alikuwa amepata namna ya kuvuta kifimbo, pengine kwa kiganja kizima, pengine kwa kidevu. Mwanajuma akakibana kibawa kwa kidole. Hakikuzuilika. Katika miaka yote aliyokaa barazani hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Hata baba yake hakuwahi.

Kutoka uwanjani akasikia, "Mama! Imepinda?"

Akaushika ubavu kwa mikono miwili, akaukunja. Haukukunjika. Akaukanyagia goti, akavuta mpaka chuma kikamchana kiganja. Haukukunjika. Akatoa plaizi ya Mzee Amri kwenye fundo la kanga, akaubana, akausokota, plaizi ikateleza na kuacha michubuko tu. "Pinda," aliuambia. "Pinda, mlaaniwa wewe, pinda." Alikuwa ameukaza mno. Alikuwa ametimiza kiapo chake, hakuacha mahali pa kulegea hata pamoja.

Kibawa kikainama, kikainuka tena. Kule nje mwanawe bado alikuwa anajaribu.

"Mama?"

Mwanajuma akajifuta mikono. Akaingiza ncha ya plaizi chini ya kipete cha mpira, akakichomoa. Akaupanua mdomo wa kibanio. Kibawa kikaanguka, kikaning'inia, na ubavu ukabaki unakwenda mbele na nyuma peke yake, bila kushika kitu. Kipete akakifumbata kiganjani, kwenye damu.

Akatoka migombani ameibeba ndege kama mtoto aliyelala. Akaiweka mapajani mwa Zubery.

"Kibanio kimefumbuka," alisema. "Sikukikaza. Kosa ni langu."

Lusungu akakodoa macho. "Wewe, mama mkubwa? Wewe ukosee?"

"Uzee, baba. Macho."

Zubery akakitazama kibanio kilichopanua mdomo. Kisha akatazama pale kipete kilipokuwa kimekaa, ambapo plastiki ilikuwa safi, haina vumbi. Kisha akautazama ubavu na ile michubuko mipya ya plaizi. Ni fundi yule. Mwanajuma alisimama mbele yake amekunja ngumi, na alingoja.

"Kwa hiyo si mkono," Zubery alisema mwishowe.

"Si mkono."

"Sawa, Mama."

Akafungwa kanga, wakarudi.

Bodaboda hana siri. Kabla ya adhuhuri stendi nzima ilikuwa na habari kwamba ndege ya Zubery imeanguka kwa sababu mama yake alisahau kukaza. Watu walicheka kidogo tu mwanzoni, kwa heshima. Kisha mwalimu mmoja mstaafu alipoleta mwavuli wake aliusimamia, akatazama kila fundo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwenye baraza ile. "Uukaze vizuri, Bi Mwanajuma," alisema. "Usije ukawa kama ile ndege ya angani." Mwanajuma akainamisha kichwa, akasema, "Nitakaza, mwalimu." Sekela aliyasikia hayo akiwa na sinia lake upande wa pili wa njia. Alimtazama jirani yake kwa muda, na tangu siku ile hakuitaja tena ile kuku.

Na kikombe? Kikombe kilipanda siku nne. Zubery alikinyanyua kila asubuhi, akimtazama mama yake machoni, kama mtu anayelipa heshima. Siku ya tano kilifika kifuani kikaanguka. Hakuna aliyekiokota mara moja. Kiliviringika mpaka chini ya kabati, pale ndege ilipohifadhiwa sasa, na hapo kikabaki hadi jioni.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikahamia. Miavuli mingi ilipita mbele ya baraza ile bila kusimama, ikaenda kwa kijana mmoja wa sokoni anayefunga mbavu kwa waya wa umeme. Mwanajuma aliitazama ikipita. Angeweza kusema neno moja, na mji wote ungerudi. Mwavuli wa baba yake ulikuwa umening'inia ukutani na mbavu saba, umelala upande.

Asubuhi moja alikuwa anamlisha Zubery uji kwa kijiko. Koo lilikuwa limeanza, ilibidi kungoja kila funda lishuke. Mvua ilikuwa inapiga bati, wakawa wanasikilizana kwa shida.

"Mama," Zubery alisema. "Kile kipete ulikitupa wapi?"

Kijiko kikasimama.

"Nilikiona kidole changu," Zubery alisema. "Palepale. Kabla haijagusa migomba." Akapumzika, akameza mate. "Usiwaache watu waseme kazi yako ni mbaya."

"Sasa niwaambie nini?"

Zubery alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, macho yake kwenye ule mwavuli ukutani, na Mwanajuma akangoja kama alivyongoja kule uwanjani, akiamini kwamba mwanawe, fundi, atapata namna. Hakupata.

Basi akafungua kinywa, kwa ajili ya kijiko kingine.